Pete Inayonasa Umeme Unaovuja

Msomaji wetu wa Kigoma amepata boksi la umeme lililovuka ziwa kutoka Bujumbura. Maandishi yake ni ya Kifaransa. Fundi wake, aliyesomea kazi kwa vitabu vya Kiingereza, amekwama kwenye vibandiko viwili: "interrupteur différentiel 30 mA" na "disjoncteur différentiel 30 mA". Programu ya simu imewapa "differential switch" na "differential circuit breaker", majina ambayo fundi hajawahi kuyakuta dukani.

Wala hatayakuta. Kifaa cha kwanza mafundi wa Kiingereza wanakiita RCCB, cha pili RCBO, na R hiyo ni "residual", yaani kinachosalia. Mfaransa anataja tofauti, Mwingereza anataja baki, na kila mwanafunzi wa darasa la tatu anajua kwamba hayo ni majina mawili ya jibu la hesabu ya kutoa.

Anayefanya hesabu hiyo ni pete ya chuma, na sijui kifaa kingine cha nyumbani chenye akili kubwa hivi kwa vitu vichache hivi. Waya wa fezi na wa nyutro hupita pamoja ndani ya tundu lake. Mkondo unaokwenda kwenye pasi na ule unaorudi huijaza pete usumaku, kila mmoja kwa upande wake. Ni mashindano ya kuvuta kamba. Wakivuta wawili kwa wawili, kitambaa cha katikati hakisogei. Wakivuta ishirini kwa ishirini, bado hakisogei. Ndiyo maana pasi ya wati 2,000, inayovuta karibu ampia 8.7, haiisumbui pete hata kidogo. Lakini mvutaji mmoja wa upande wa kurudi akiiachia kamba, kitambaa kinahama hapo hapo. Mvutaji huyo ni umeme uliopita kwenye mkono wa mtoto na kurudi kwa njia ya udongo badala ya nyutro. Pete haina haja ya kujua umevujia wapi. Usumaku uliozidi unaamsha umeme kidogo kwenye waya mwembamba uliozungushiwa pete, umeme huo unafyatua kilango cha springi, na nyumba inazima. Miliampia 30 zinatosha, chini ya sehemu moja kati ya 280 za mkondo wa pasi ile.

Kwa Kiswahili ningekiita kifaa hiki kinasamvujo. "Kikatatofauti" kinaleta picha ya mtu anayesuluhisha ugomvi, na "kikatabaki" hakisemi kitu. Tuna kinasa sauti tayari, na kunasa ni kazi ya mtego: unatulia, halafu unafyatuka.

Sasa hatari iliyomo kwenye vile vibandiko. "Interrupteur" hukata kwa mvujo tu. "Disjoncteur" hukata kwa mvujo, kwa mzigo uliozidi na kwa shoti. Akiviona sawa, fundi ataacha nyaya ziungue huku kinasamvujo kimetulia, maana mzigo ukizidi, wavutaji bado wako sawa pande zote. Mambo mawili zaidi: kitufe cha majaribio cha kifaa kibonyezwe mara kwa mara, na anayeshika fezi na nyutro bila kugusa ardhi, pete haimwoni.

Msomaji ameuliza pia kuhusu "masse", ambayo wafasiri wengi huiandika "earth". Sivyo. "Terre" ndiyo ardhi. "Masse" ni bodi ya chuma ya friji au mashine, ile unayoigusa kwa mkono. Ukiyapa maneno yote mawili jina moja, agizo la kuunganisha masse na terre linageuka kuwa kuunganisha ardhi na ardhi, na fundi mwenye haraka ataliruka. Mhandisi wa London mwenyewe anaposema mfumo wa TT, yaani namna mojawapo ya kuunga umeme na ardhi, anatamka Kifaransa: terre ya kwanza ni ya transfoma, ya pili ni ile ambayo bodi ya friji imeungwa nayo.