Haba na Haba na Kibaba Chake: Uchanganuzi wa Data za Afya Kwale

Makala haya yanakusudia kueleza kazi ya programu za uchanganuzi wa data, yaani zile zinazosoma yaliyomo katika hifadhidata na kuyageuza kuwa majedwali, grafu na ramani za kumsaidia mtu kuamua. Jina lake la Kiingereza, likifasiriwa neno kwa neno, hutupa "akili ya biashara", na msomaji wa Ukunda atadhani anafunzwa werevu wa kuuza na kununua. Hivyo basi, tutatumia mfano usiohusu duka lolote: takwimu za afya katika Kaunti ya Kwale.

Mwaka 2011 Kenya ilieneza nchi nzima programu ya DHIS2, inayoendelezwa chini ya uongozi wa Chuo Kikuu cha Oslo nchini Norwei. Ni programu huria, na kabla ya kuenezwa ilifanyiwa majaribio katika uliokuwa Mkoa wa Pwani. Kila mwezi zahanati na hospitali hujumlisha yaliyomo katika rejista zake, na jumla hizo huingizwa katika programu hiyo.

Kabla ya kuendelea, ni vyema kutaja ubao. Katika mfumo wa afya ya jamii, mhudumu huzuru nyumba, huuliza maswali kwa Kiswahili au Kidigo, kisha huyanakili majibu. Jumla zake ziliwekewa ubao wa chaki, uliopewa nambari MOH 516, ili wanakijiji wajionee hali yao. Mwaka 2023 serikali ilianza kuwagawia wahudumu hao simu za kunakilia data. Kiini cha kazi, hata hivyo, ni kilekile: kukusanya, kujumlisha na kuonyesha. Grafu ya kompyuta ni ubao ule uliopanuliwa.

Tofauti iko ndani ya mtambo. Kuhifadhi ni kazi moja, kuchanganua ni nyingine. DHIS2 huweka kila tarakimu iliyoingizwa katika hifadhidata, kisha, kwa kawaida usiku, huunda majedwali mengine yaliyokwisha kupangwa kwa mahali na kwa kipindi. Grafu husoma majedwali hayo. Ndiyo maana karani anayeingiza takwimu asubuhi huenda asizione katika grafu hadi kesho yake. Data haikupotea, ila haijapangwa.

Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Programu hujua kuhesabu haba. Ukubwa wa kibaba huambiwa na binadamu. Tuseme zahanati moja ya Diani imechanja watoto 120, na makadirio yanasema eneo lake lina watoto 100. Programu itaandika asilimia 120 bila kuona haya. Huenda kina mama wametoka maeneo mengine, au makadirio yamepitwa na wakati. Sensa ya 2009 ilihesabu watu 649,931 Kwale. Ile ya 2019 ilihesabu 866,820. Anayegawa kwa idadi ya kale hupata sifa asiyostahili.

Madhara yake si ya karatasini. Asilimia hiyo ikichanganywa katika wastani wa kaunti, inaweza kukifunika kijiji cha Kinango ambacho watoto wake hawajafikiwa, na ofisi ikaona hakuna haja ya kupeleka chanjo huko. Kwa hiyo, mtaalamu wa hifadhidata anapaswa kuuliza maswali mawili kabla ya kuchora grafu: asili ya sehemu hii imetoka wapi, na wastani huu unamficha nani?

Sisi wanafunzi wa Kiswahili tuna wajibu hapa. Swali huulizwa kwa lugha ya mama mwenye mtoto, lakini jibu hurudi ofisini kwa Kiingereza. Istilahi tunazo: hifadhidata, kiasi, asili, wastani, ubao. Tukizitumia, mama wa Msambweni aliyetoa haba yake ataweza kukikagua kibaba.