Minyoo ndani ya kidimbwi: ipi ya kuogopa?

Mwezi uliopita tulikuwa kumi na wanne ndani ya bonde, vikwembe vimefungwa kiunoni, tukitoa matope kwenye kidimbwi chetu cha pili cha tilapia. Mama mmoja aliinua jembe, akapiga kelele. Kwenye matope kulikuwa na minyoo myekundu, myembamba kama uzi, inajipindapinda. Kazi ilisimama palepale. Mmoja alisema samaki wote wameharibika. Mwingine alisema ndiyo sababu watoto wetu wanaumwa tumbo kila mara. Wa tatu alikuwa amekwisha kumtuma kijana sokoni kununua ile dawa ya kunyunyizia maharagwe, tuimwage ndani ya maji tumalize jambo.

Tulimwita yule kijana arudi. Kidimbwi hicho ndicho kinacholipa minervali ya watoto wa wanachama kadhaa, na dawa ya wadudu wa shambani ingeua samaki kabla ya kuua kitu kingine chochote. Na samaki ambao wangebaki hai, nani angewapikia watoto wake?

Badala yake tulichota maji na matope katika chupa tatu kubwa za kioo, zile za mayoneze, tukaziweka dirishani shuleni. Sisi tunaofundisha tunajua kwamba ndani ya kidimbwi macho hayaoni mengi, lakini maji yakitulia ndani ya kioo, kila kiumbe kinajionyesha. Watoto wa mwaka wa tano walichora walichokiona. Tulijifunza mengi kutoka michoro hiyo, ingawa mtoto mmoja alichora pia mamba, ambaye hatukumpata.

Ile minyoo myekundu ilikuwa ya aina mbili. Ya kwanza ina vipande vipande mwilini, urefu wa sentimita moja au mbili, na inapoogelea inajikunja kama namba nane. Kwa kweli huo si mnyoo. Ni mtoto wa mdudu mdogo anayefanana na mbu lakini hang'ati mtu. Wekundu wake unatoka kwenye damu yake, ambayo inashika hewa vizuri hata ndani ya matope mazito. Tilapia wanaupenda sana, kwa hiyo yule mama aliyepiga kelele alikuwa ameinua chakula cha samaki wake. Aina ya pili ni minyoo ya kweli, myembamba zaidi, inayokaa kwa mafungu, kichwa ndani ya matope na mkia ukipunga juu. Nayo haimdhuru mtu. Ila ikiwa mingi sana, inatuambia kwamba tumetia samadi kupita kiasi na hewa imepungua chini ya maji. Hilo lilikuwa kosa letu: tulikuwa tunamwaga samadi ya mbuzi bila kupima.

Katika chupa ya pili tulimpata kiumbe bapa, wa rangi ya kahawia, anayeteleza juu ya kioo kana kwamba hana haraka. Kichwa chake kina pembe tatu na macho mawili yanayoonekana kama yamekengeuka. Ukimkata vipande viwili, kila kipande kinaweza kuwa mzima tena, kwa hiyo msijaribu kumponda kwa kijiti. Huyo naye hamdhuru mtu. Wale wanaofuga kamba wadogo wa maji baridi ndani ya visanduku vya kioo ndio wanaomchukia, kwa sababu anakula mayai yao na vichanga vyao. Wao humtega usiku kwa kipande kidogo cha nyama ndani ya chupa yenye tundu, asubuhi wanaitoa chupa pamoja naye.

Ruba mnamjua: ana mdomo wa kunyonya mbele na mwingine nyuma, na anatembea kwa kujikunja na kujinyoosha. Akikushika mguuni usimchome kwa moto wala kumtia chumvi. Pitisha ukucha chini ya mdomo wake, ataachia. Osha kidonda kwa sabuni.

Na wale wanaopanda juu kuvuta hewa, kisha wakishtuka wanazama haraka? Hao ni watoto wa mbu. Akilala sambamba na uso wa maji, huyo ndiye wa malaria. Kidimbwi chenye tilapia na kingo safi huwa na wachache, kwa sababu samaki huwala, lakini ndoo iliyosahaulika nyuma ya nyumba inaweza kujaa.

Mpaka hapo wamama walikuwa wanacheka, hofu imekwisha. Lakini ndani ya chupa ya tatu kulikuwa na konokono wanne wadogo, na hapo ndipo tuliacha kucheka.

Konokono hao nyumba yao ni bapa, imejizungusha kama kamba iliyokunjwa chini, haina ncha juu. Upana wake ni kama kifungo cha koti. Ndio wanaobeba bilharzia ya matumbo, na ugonjwa huo umeenea sana katika Ituri yetu, hasa kando ya Ziwa Albert. Watafiti waliopima choo cha watu katika vijiji vya jimbo hili mwaka 2016 na 2017 waliukuta kwa wengi, watoto kwa wakubwa.

Mnyoo wa bilharzia hatukuuona ndani ya chupa, na hata nyinyi hamtauona. Mtu mgonjwa akijisaidia karibu na maji, mayai yanaingia majini na kupasuka. Kinachotoka kinamtafuta konokono, kinaingia mwilini mwake, na baada ya majuma kadhaa konokono huyo anaanza kutoa vimelea vidogo kuliko milimita moja, vyenye mkia uliogawanyika, mamia kwa mamelfu, hasa saa za jua kali. Vinapita ngozi ya mtu kwa dakika chache tu. Si lazima unywe maji. Kusimama ndani yake kunatosha. Ndani ya mwili vinakua kuwa minyoo ya urefu wa sentimita moja hivi, dume na jike wakiishi pamoja ndani ya mishipa ya damu karibu na matumbo, na wanaweza kukaa humo miaka mingi.

Angalieni basi jambo hili: konokono peke yake hana kosa. Anaupata ugonjwa kutoka kwetu.

Mmoja wetu ana mtoto wa miaka tisa ambaye tangu mwaka jana alikuwa analalamika tumbo, mara anaharisha, mara damu kidogo kwenye choo. Shuleni alikuwa analala juu ya meza, na tunakiri kwamba sisi walimu tulimwita mvivu. Mama yake alikwenda mara mbili kutafuta matibabu, na mara mbili alipewa vidonge vya minyoo vya kawaida. Hakuna aliyepima choo. Vidonge vile, vya mebendazole au albendazole, vinatoa minyoo ya matumbo kama ile mirefu mieupe mnayoijua, lakini haviponyi bilharzia. Dawa yake ni praziquantel, inayopimwa kwa uzito au urefu wa mtoto, na inanywewa baada ya kula. Baada ya mambo ya chupa, mama alimpeleka mtoto tena, safari hii akaomba mwenyewe choo kipimwe labo kwa mikroskopi. Mayai yalionekana.

Aliyapata wapi? Hatuwezi kusema. Likizo anakwenda kwa nyanya yake Kasenyi, anaogelea ziwani. Jumamosi anatusaidia kushika wavu kidimbwini. Watu wawili walianza kunong'ona juu ya wakimbizi wa vita waliotoka upande wa ziwa na sasa wanaishi jirani na bonde letu. Tuliwanyamazisha. Juu ya mfereji unaoleta maji yetu hakuna choo hata kimoja, na watoto wa wenyeji wanajisaidia pale kama watoto wa wageni.

Wamama wengine walitaka tukifukie kidimbwi. Tulibishana jioni nzima. Mwishoni tuliamua kukibakiza, lakini si kama zamani. Tumekata majani yote ya kando, kwa sababu konokono wanakaa na kutaga humo. Waliobaki tunawatoa kwa kichungio chenye mpini mrefu, si kwa mikono mitupu, na tunawaponda mbali na maji. Kidimbwi cha pili tumekiacha kikauke mpaka udongo upasuke, kisha tumetia chokaa. Hii haimalizi konokono wote, wengine wanajificha ndani ya udongo, lakini inawapunguza. Tumenunua bata sita, wanaokula konokono na kulipa kwa samadi. Tumenunua bote za mpira jozi nne, na anayeingia majini anavaa, hata kama zinamfinya. Kazi ya maji tunaifanya asubuhi na mapema. Chefu wa avenyu ametupa sehemu ya kuchimba choo, chini ya mfereji na si juu yake.

Mama mmoja aliuliza kama kuna mnyama anayeweza kutufanyia kazi hii. Yupo, lakini si wa kwetu. Nchini Senegal, bwawa la Diama lilipomalizika mwaka 1986 karibu na mdomo wa mto, kamba wakubwa wa mtoni, ndugu wa wale ambao Kinshasa wanaitwa kosa-kosa, hawakuweza tena kupanda na kushuka. Kamba hao ndio waliokuwa wanakula konokono. Konokono waliongezeka, na bilharzia ikaenea vibaya kule. Watafiti waliporudisha kamba mahali ambapo watu wa kijiji kimoja wanaoga na kufua, konokono walipungua na ugonjwa pia ulipungua. Walitangaza matokeo mwaka 2015. Shida ni kwamba vichanga vya kamba huyo vinahitaji maji yenye chumvi ili vikue, na kutoka Bunia mpaka bahari mnajua wenyewe ni safari gani. Kwa hiyo sisi tutaendelea na bata.

Kwa nyumbani: maji ya mtoni ya kuogesha mtoto yakichotwa bila konokono na kuachwa ndani ya bidoni iliyofungwa siku mbili, vimelea hivyo vinakufa. Ya kunywa yachemsheni kama kawaida. Mtoto mwenye damu kwenye choo, tumbo lililovimba au uchovu usioisha, ombeni choo chake kipimwe, na mtaje kwamba anacheza majini. Kwa watoto wadogo kabisa kumetengenezwa kidonge chao kinachoyeyuka. Ulizeni kituo chenu kama kimefika.

Yule mtoto wa miaka tisa amekunywa dawa. Siku ya tatu aliuliza kama sasa anaweza kurudi kushika wavu. Tulimweleza kwamba dawa inaua minyoo iliyomo mwilini lakini haizuii mingine kuingia. Bote za ukubwa wake hatujazipata sokoni. Kwa sasa anakaa ukingoni na daftari, anahesabu samaki wanaotoka, na Jumamosi iliyopita alimpata mama mmoja aliyehesabu vibaya kwa samaki kumi na wawili.

Kidimbwi cha pili tutakijaza maji tena mvua zikianza. Anayetaka kuja kuangalia chupa, bado ziko dirishani mwaka wa tano, saa za mapumziko.