Karibu na Sawa Si Kitu Kimoja

Mtoto anayemaliza darasa la saba katika wilaya ya Kibaha au ya Kisarawe hutoka shuleni akijua jambo moja kwa moyo: kwamba pai ni 22 kwa 7. Ameitumia hesabu hiyo kutafuta mzingo wa duara, ameitumia kutafuta eneo lake, na katika mitihani amepewa alama kwa kuitumia. Miezi michache baadaye huingia kidato cha kwanza, na mwalimu mwingine, kwa lugha nyingine, humwambia kwamba pai haiwezi kuandikwa kwa sehemu yo yote. Hapo mtoto hushikwa na mashaka. Ama mwalimu wa kwanza alimdanganya, ama huyu wa pili ndiye anayemdanganya, ama Hesabu ni somo la kukariri tu ambalo halitaki mtu aulize. Twahofu kwamba wengi hulichagua jibu hilo la tatu, nalo ndilo baya kuliko yote.

Jambo hili huenda likaonekana dogo. Lakini tukumbuke kwamba katika mitihani ya kidato cha nne ya kila mwaka, tangu 2013 hata 2022, waliofaulu Hisabati hawakufika theluthi moja ya waliofanya mtihani wa somo hilo. Hatusemi kwamba pai ndiyo iliyowaangusha. Twasema kwamba mtu hashindwi Hesabu siku ya mtihani. Hushindwa siku ile anapokata shauri moyoni kwamba somo hili si la kuelewa. Basi yatupasa kuitafuta siku hiyo, nasi twaamini kwamba kwa watoto wengi iko hapa, kati ya mwisho wa shule ya msingi na miaka miwili ya kwanza ya sekondari. Wazee wetu wanakumbuka kwamba katika miaka ya 1950 umri huu ulikuwa na shule zake, zikiitwa shule za kati, tangu darasa la tano hata la nane. Shule hizo zimekwisha, lakini umri haukwisha, wala taabu zake.

Wilaya hizi mbili za Mkoa wa Pwani si ngeni kwa elimu. Kisarawe ina Minaki, ambayo imekuwa ikilea wasomi tangu miaka ya 1920. Kibaha ina Shirika la Elimu, lililoanza mwaka 1963 kwa ushirikiano wa Tanganyika na nchi za Nordic, likakabidhiwa kwa Serikali yetu mwaka 1970. Na sekondari yake imepokea vijana hodari kutoka pembe zote za nchi. Lakini vijana hodari huelewa hata mwalimu akiwa dhaifu. Sisi twamfikiria mtoto wa shule ya sekondari ya kata, moja ya zile zilizoenea nchini baada ya mpango wa MMES kuanza mwaka 2004, ambaye hutembea asubuhi kwenda darasani na jioni hurudi kusaidia shambani. Huyo ndiye anayehitaji kufundishwa vizuri, maana hana mwalimu wa pili nyumbani.

Je, ni kitu gani hasa anachopaswa kufundishwa? Tuanze na lililo jepesi. Fundi mwashi wa Mlandizi anapochanganya ndoo 1 ya saruji na ndoo 3 za mchanga, anafanya uwiano. Namba yo yote inayoweza kuandikwa kwa uwiano wa namba mbili kamili, moja juu na nyingine chini, isipokuwa sifuri haikai chini, twaiita namba wiano. Nusu ni namba wiano; robo tatu ni namba wiano; 5 nayo ni namba wiano, kwa kuwa ni 5 kwa 1.

Namba hizi zina tabia moja ambayo mtoto aweza kuiona kwa macho yake. Mwambie agawe 1 kwa 7 kwa mkono, pasipo mashine. Atapata 0.142857, kisha tarakimu zilezile 142857 zitarudi tena, na tena, bila mwisho. Kwa nini zirudi? Kwa sababu ukigawa kwa 7 baki haiwezi kuwa ila 1, 2, 3, 4, 5 au 6. Na ikiwa sifuri, kazi imekwisha. Baki ni sita tu, kwa hiyo hatua ya saba ikifika lazima mojawapo iwe imejirudia, na hapo safari yote huanza upya. Mtoto akilielewa hilo, amekwisha kuelewa kwamba kila namba wiano, ikiandikwa kwa desimali, ama hufika mwisho ama hurudia njia yake. Hakukariri kanuni, ameiona ikizaliwa katika daftari lake.

Sasa swali lifuatalo: je, namba zote ni za namna hiyo? Jibu la swali hili limo katika kila ofisi ya Kibaha na Kisarawe, ingawa watu huliandikia barua tu. Ni karatasi ya kawaida, ile iitwayo A4. Upande wake mfupi ni milimita 210, na mrefu ni milimita 297. Kunja kona moja ili upande mfupi ulale juu ya upande mrefu. Mkunjo unaoonekana ni ulalo wa mraba wa milimita 210 kila upande. Upime mkunjo huo kwa rula, nawe utaona kwamba urefu wake ni sawa na upande mrefu wa karatasi. Rula ya shuleni haitaonyesha tofauti.

Mwalimu akate sasa miraba miwili iliyo sawa, na kila mmoja aukate kwenye ulalo wake. Atapata pembetatu nne. Azipange zile pembe zake za mraba zikutane katikati, naye atapata mraba mmoja mkubwa, ambao kila upande wake ni ulalo wa ile midogo. Mraba huo mkubwa umejengwa kwa miraba miwili midogo, kwa hiyo eneo lake ni mara mbili ya eneo la mmoja. Basi, ikiwa upande wa mraba mdogo ni 1, ulalo wake ni namba ambayo ukiizidisha kwa yenyewe hupata 2. Hicho ndicho kipeuo cha pili cha 2. Mtoto hakuhitaji kanuni ya Pythagoras. Amehitaji karatasi na mkasi.

Karatasi yetu yasema kwamba namba hiyo ni 297 kwa 210, yaani 99 kwa 70. Tuipime. Ukizidisha 99 kwa 99 hupata 9,801. Ukizidisha 70 kwa 70, kisha mara mbili, hupata 9,800. Imekosa kwa moja tu! Darasa litapiga kelele kwamba tutafute sehemu nyingine iliyo bora. Na waachwe watafute. Watapata zinazokaribia zaidi, lakini hawatapata iliyo sawa kabisa, nao watataka kujua sababu.

Sababu yake yafahamika kwa mtoto ye yote anayejua namba shufwa na namba witiri. Tuseme ipo sehemu iliyo sawa, nasi tumekwisha kuirahisisha mpaka haiwezi kurahisishwa tena. Namba ya juu ikizidishwa kwa yenyewe itakuwa mara mbili ya ile ya chini iliyozidishwa kwa yenyewe. Kwa hiyo jibu lake ni shufwa. Witiri kwa witiri huzaa witiri, hivyo namba ya juu yenyewe lazima iwe shufwa. Lakini ikiwa ya juu ni mara mbili ya namba fulani, basi ikizidishwa kwa yenyewe hugawanyika kwa 4, na nusu yake, ambayo ndiyo namba ya chini iliyozidishwa kwa yenyewe, nayo ni shufwa. Kwa hiyo ya chini pia ni shufwa. Zote mbili ni shufwa, na hali tulisema haziwezi kurahisishwa tena. Maneno yetu yamejipinga wenyewe. Hivyo sehemu hiyo haipo, wala haitapatikana, hata watu wakitafuta miaka elfu. Namba ya namna hii twaiita namba isiyo wiano, na desimali zake huendelea bila kikomo wala kurudia mtindo mmoja.

Mafundi wetu wameishi na jambo hili siku zote. Anayepima msingi wa nyumba hutumia 3, 4 na 5: mita 3 upande huu, mita 4 upande ule, na kamba ya ulalo ikifika mita 5 hujua kwamba kona imekaa sawasawa. Hapo futi yake hugota kwenye namba kamili. Lakini akijenga chumba cha mita 4 kwa 4, ulalo wake ni mita 5.656854 na kuendelea. Fundi huweka alama kwenye mita 5 na sentimita 66, anakosea kwa milimita tatu hivi, na nyumba husimama. Hakufanya kosa. Ametumia namba iliyo karibu, naye anajua kwamba ni ya karibu.

Na hivyo ndivyo ilivyo kwa pai. Mtaalamu Johann Heinrich Lambert alithibitisha mwaka 1761 kwamba pai si namba wiano. Yenyewe huanza 3.14159, na 22 kwa 7 huanza 3.14285. Je, tofauti hiyo yamdhuru nani? Chukua baisikeli yenye gurudumu la kipenyo cha sentimita 70, uiendeshe kilomita 40, ambazo ni kama safari ya kutoka Kibaha mpaka Dar es Salaam. Kwa 22 kwa 7, gurudumu litazunguka karibu mara 18,182. Kwa pai yenyewe, litazunguka karibu mara 18,189. Mizunguko saba tu katika safari nzima! Kwa mwendesha baisikeli si kitu. Lakini haba na haba hujaza kibaba, na katika mitambo iliyo mikubwa au iliyo sahihi sana, saba hizo huhesabiwa.

Twapenda wasomaji waone jambo moja zaidi. Karatasi ya mtihani haikusema kamwe kwamba pai ni 22 kwa 7. Husema: tumia 22 kwa 7. Neno hilo ni la haki. Sisi wakubwa ndio tulioligeuza, mpaka "tumia" ikawa "ni". Mwalimu wa darasa la sita akisema tu, "Watoto, hii ni namba iliyo karibu na pai, yatutosha kwa sasa, na huko mbele mtaijua zaidi," hatapoteza hata dakika moja, na mwenzake wa sekondari hatapokea darasa lenye mashaka.

Liko pia suala la lugha. Kidato cha kwanza hufundishwa kwa Kiingereza. Neno la Kiingereza linalotumika kwa namba zisizo wiano, mtoto akilitafuta katika kamusi, atakuta kwamba maana yake ya kila siku ni "isiyo na akili". Basi hukaa akijiuliza namba inawezaje kukosa akili, au hudhani kwamba aliyekosa akili ni yeye. Kiswahili kimekwisha kulimaliza tatizo hilo, maana katika "namba isiyo wiano" maana imo ndani ya jina, na uwiano mtoto aliujua tangu shule ya msingi. Twawaomba walimu, mtihani uwe wa lugha yo yote, watoe jina hili la Kiswahili kwanza, kisha lile la Kiingereza lifuate.

Katika muhtasari wa mwaka 2005, namba zisizo wiano zilikuwa za kidato cha kwanza, na kanuni ya Pythagoras ilikuwa ya kidato cha pili. Mtoto aliambiwa habari za kipeuo cha 2 mwaka mzima kabla ya kuonyeshwa mahali kinapotoka. Mitaala mipya ilianza kutumika Januari 2024, nayo ni nafasi njema. Mpangilio wa vitabu wo wote uwao, mwalimu mwenye karatasi na mkasi aweza kuonyesha ulalo kwanza, na kutoa jina baadaye.

Na wazazi wafanye nini? Wengi husema, "Mimi Hesabu zilinishinda," kisha huondoka. La, ndugu zetu! Seremala anayepima milalo miwili ya fremu ya dirisha ili ajue kama imenyooka, na fundi bati anayekata duara la kifuniko cha sufuria, wanayo maarifa ambayo darasa linayahitaji. Bodi ya shule imwalike fundi mmoja kwa kipindi kimoja, aje na futi yake na kamba yake. Watoto wapime naye, wakokotoe, waone futi inapogota na inapokataa.

Kuna atakayeuliza: mtoto wa mkulima wa mihogo wa Maneromango atapata faida gani kwa kuijua namba isiyo na mwisho? Twamjibu hivi. Mtoto huyo atapokea mshahara uliokatwa, atauza korosho kwenye mizani, atagawana fedha za kikundi na wenzake. Shilingi 1,000 zikigawanywa kwa watu watatu, kila mmoja hupata 333 na senti ambazo haziishi, hapo lazima mtu akate, na aliyejifunza mapema kuuliza "hii ni sawa, au ni karibu? na imekatwa kwa faida ya nani?" hataonewa kwa urahisi. Swali hilo huanza darasani, siku mwalimu anapokubali kumwambia mtoto kwamba 22 kwa 7 ni karibu tu.