Masomo ya mtandaoni ni ya bure, bando si ya bure

Kila muhula unapoanza, wazazi huniuliza swali lile lile: "Mwalimu, hizo video za masomo za bure ziko wapi, na mtoto wangu atazipata vipi?" Wengine ni wa huku Masinga, kaunti ya Machakos, ninakofundisha hisabati katika shule ya kutwa. Wengine ni jamaa zangu wa Garsen wanaonipigia simu. Mto Tana unatuunganisha, maana maji yanayotulia katika bwawa letu ndiyo yanayoteremka hadi kwao. Shida pia ni zile zile: mtandao hafifu, simu moja kwa nyumba nzima, na pesa za bando zinazogombania mfuko mmoja na pesa za unga. Nimeona nijibu hapa, tufaidike sote.

Nini kiko huko

Jina linalotajwa zaidi ni Khan Academy. Mwaka 2004 Mmarekani Salman Khan, aliyekuwa akifanya kazi ya mambo ya fedha, alianza kumsaidia binamu yake Nadia masomo ya hisabati. Waliishi miji tofauti, kwa hivyo walitumia simu na kompyuta. Jamaa wengine nao wakaomba msaada, na mwaka 2006 akaanza kurekodi masomo na kuyaweka YouTube. Mwaka 2008 likawa shirika lisilo la faida. Mwalimu mwenyewe humwoni kwenye video hizo. Unaona ubao mweusi na maandishi ya rangi, na unasikia mtu akieleza polepole. Kuna hisabati tangu kuhesabu hadi ya chuo kikuu, sayansi, uchumi na historia.

Karibu na nyumbani, Taasisi ya Ukuzaji Mitaala nchini, KICD, ina masomo yaliyotengenezwa kwa mtaala wetu. Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, masomo hayo yalipeperushwa kwenye redio za KBC na kwenye runinga ya Edu, mengine yakawekwa YouTube. Kwa watoto wadogo, shirika la Ubongo la Dar es Salaam limekuwa likitoa katuni za Ubongo Kids tangu 2014, zinazofundisha hesabu na sayansi kwa Kiswahili ambacho mtoto wa Pwani hahitaji kutafsiriwa.

Hazina ambayo wazazi wengi hawaijui ni PhET ya Chuo Kikuu cha Colorado, iliyoanzishwa 2002 na Carl Wieman, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya fizikia. Hizi si video. Ni majaribio ya maabara ambayo mwanafunzi anayafanya mwenyewe kwenye skrini. Anaunganisha waya na betri, anabadilisha uzito, anaona matokeo. Baadhi yamefasiriwa kwa Kiswahili. Kwa shule isiyo na maabara kamili, hii ni nusu ya maabara.

Gharama iliyojificha

Sasa tuje kwenye pesa. Video ya dakika 10 katika ubora wa 360p hula takriban megabaiti 50. Ukiiacha simu ijichagulie ubora wa 720p, inaweza kula mara tatu au nne ya hapo. Mtoto akitazama masomo manne kwa usiku mmoja, bando ya siku imekwisha, na mzazi anahitimisha kwamba mtandao ni wa matajiri. Kwa hivyo jambo la kwanza ni kuingia kwenye mipangilio ya video na kushusha ubora. Maandishi ya ubaoni yanasomeka vizuri hata kwa 360p, kwa sababu huyu hatazami sinema.

Jambo la pili ni stima. Masinga ndiyo yenye bwawa kubwa kuliko mengine yote ya mto Tana. Lilikamilika 1981 na lina mitambo ya megawati 40. Hata hivyo wapo wanafunzi wangu wanaopeleka simu ya mama dukani ichajiwe, kisha inarudi jioni mama naye akiihitaji. Shuleni mwanafunzi haruhusiwi kuwa na simu. Maana yake ni kwamba muda halisi wa kusoma mtandaoni ni saa moja ya usiku, kama betri itakubali.

Pakua mara moja, watumie wengi

Dawa ninayoijua ni kutenganisha kupakua na kutazama. Mtu mmoja mwenye mtandao mzuri apakue mara moja, kisha wengi watazame bila bando. Khan Academy inaruhusu video zake nyingi kunakiliwa na kugawanywa mradi haziuzwi, na majaribio ya PhET yanapakuliwa na kufanya kazi bila mtandao.

Kwa shule, msikiti, kanisa au maktaba ya kijiji, kuna programu ya bure iitwayo Kolibri, ya shirika la Learning Equality. Unaiweka kwenye kompyuta moja, hata ya zamani kidogo, na unaijaza masomo mara moja mahali penye mtandao. Baada ya hapo kompyuta hiyo inakuwa kama mtandao mdogo wa hapo hapo. Vifaa vingine vinaunganishwa nayo kwa waifai na kufungua masomo bila senti kukatwa. Humo mna Khan Academy, PhET na hadithi za African Storybook, ambazo zina matoleo ya Kiswahili na Kikamba.

Faida yake niliiona mwaka jana. Mwalimu wetu wa fizikia alihamishwa muhula wa pili, huku kidato cha nne wakiwa hawajafundishwa jinsi sumaku inavyozalisha umeme kwenye koili. Mimi si mwalimu wa fizikia. Tulichofanya ni kuwasha kompyuta moja na projekta Jumamosi tatu mfululizo, wanafunzi wakapokezana kusogeza sumaku kwenye jaribio la PhET na kubishana kwa nini taa inawaka sumaku inaposogea na kuzimika inapotulia. Waliingia mtihani wakiwa na kitu cha kuandika. Bila hiyo, swali hilo wangeliruka.

Tahadhari tatu

Kwanza, angalia mtaala. Masomo mengi ya Kikenya yaliyoko YouTube yalirekodiwa kwa mfumo wa 8-4-4. KCPE ya mwisho ilifanywa 2023, na walioingia Gredi ya 7 Januari mwaka huo wanafuata mtaala wa umilisi. Video inaweza kuwa sahihi lakini mpangilio wa mada ukawa tofauti. Zile za Marekani nazo zinatumia futi, maili na dola.

Pili, kutazama si kusoma. Mfundishe mtoto kuisimamisha video kabla ya jibu, alitafute mwenyewe kwa kalamu na karatasi, ndipo aendelee. Uwezo wa kusimamisha na kurudia ndio nguvu kubwa ya video, kwa sababu mimi mbele ya watoto 50 siwezi kurudia mara 5 kwa ajili ya mmoja.

Tatu, video isiwe kisingizio. Mtoto akikosea, video haijui amekosea wapi, mwalimu ndiye anayejua. Serikali isije ikatuambia kwamba masomo yako mtandaoni, kwa hivyo mwalimu aliyehamishwa hana haja ya kurudishiwa nafasi yake. Jumamosi zile tatu zilikuwa kiraka, na kiraka si nguo.

Wakati tunaendelea kudai walimu, kuna jambo lisilongoja bajeti. Wewe uliye Mombasa, Malindi au Nairobi, mwenye mtandao kazini au nyumbani, ukipanga safari ya kwenda kwenu likizo, muulize kwanza mwalimu wa shule ya kijijini ni mada gani zimebaki. Pakua hizo, zitie kwenye flashi, umpelekee. Haina uzito wowote kwenye mkoba, na kwa darasa zima inaweza kuwa mada ambayo vinginevyo hawangeiona kabla ya mtihani.