Mafuta, Dawa za Kisukari na Ukuta wa Mshipa

Mshipa wa damu umetandikwa ndani kwa utando wenye unene wa seli moja tu, uitwao endotheli. Utando huo hutoa gesi ya naitriki oksaidi, inayolegeza msuli wa mshipa ili utanuke na kuzuia chembe sahani zisigandamane. Robert Furchgott, Louis Ignarro na Ferid Murad walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1998 kwa kuigundua kazi ya gesi hiyo.

Mlo wa mafuta mengi huugusa utando huo upesi. Mwaka 1997 watafiti wa Marekani waliwapa watu wenye afya mlo mmoja wenye gramu 50 za mafuta. Kwa saa kadhaa baadaye, uwezo wa ateri ya mkono kutanuka ulipungua. Mlo wa nishati ileile usio na mafuta haukuleta athari hiyo. Athari hupita, lakini ulaji wa namna hiyo ukiwa wa kila siku, hasa wa mafuta yaliyoshiba, ambayo kwa kawaida huganda kama samli, lehemu mbaya hupanda na kujipenyeza chini ya utando. Jicho halitoshi kuyatambua: zaidi ya asilimia 80 ya mafuta ya nazi ni ya aina hiyo, ingawa katika joto la Tanga au Mombasa hubaki maji.

Kisukari huongeza mzigo juu ya mzigo, kwa kuwa sukari nyingi hupunguza naitriki oksaidi. Ingetarajiwa basi kwamba dawa yoyote ya kushusha sukari itauokoa mshipa. Sivyo. Rosiglitazoni ilishusha sukari vizuri, lakini Ulaya iliisitisha mwaka 2010 kwa hofu ya madhara ya moyo. Katika utafiti mkubwa wa Uingereza uliotangazwa mwaka 1998, wagonjwa wanene waliopewa metiformini walipungukiwa na vifo kwa asilimia 36 kuliko waliotegemea zaidi mlo. Waliotumia insulini au salfonilurea, kundi jingine la dawa za kushusha sukari, sukari yao ilishuka karibu vilevile, lakini vifo havikupungua kiasi hicho. Waliopewa metiformini walikuwa 342 tu, idadi ndogo kwa jambo zito.

Empagliflozini, dawa ya kisukari inayotoa sukari na chumvi kupitia mkojo, ilionyesha mwaka 2015 kupungua kwa vifo vya moyo na mishipa kwa asilimia 38 miongoni mwa wagonjwa waliokwisha kuugua moyo au mishipa, ingawa sukari ilishuka kidogo tu. Kumbe kushusha sukari na kuulinda mshipa si jambo moja. Ndiyo maana mgonjwa wa kisukari wa makamo mwenye vipimo vizuri vya sukari bado huandikiwa statini ya kushusha lehemu, na dawa ya presha ikihitajika.