Ubaguzi Si Tabia ya Mhusika: Kuufundisha Mfumo kwa Riwaya Mbili

Utangulizi

Makala hii inahusu swali moja ambalo sisi wanafunzi wa fasihi hukutana nalo kila muhula: ubaguzi wa rangi na ukandamizaji ufundishwe vipi darasani? Mazoea yetu yanajulikana. Mwalimu anasema "dhamira", nasi tunaandika: ubaguzi, unyonyaji, ukombozi. Chini yake tunaorodhesha wahusika wabaya na wahusika wema. Desa limekamilika, mtihani unajibiwa, kwisha kazi. Sasa tumejifunza nini? Kwa maoni yangu, tumejifunza kwamba dhuluma huletwa na watu wenye roho mbaya, na kwamba wao wakiondoka nayo imeondoka. Nitajaribu kuonyesha upungufu wa fikra hii kwa kutumia Kusadikika ya Shaaban Robert (1951) na Kasri ya Mwinyi Fuad ya Adam Shafi (1978).

Mfumo ni nini?

Kwanza tukubaliane kuhusu neno "mfumo". Chukua Tanganyika chini ya Waingereza. Shule zilikuwa za Wazungu, za Waasia na za Waafrika, na utengano huo uliendelea kuwapo kisheria hadi mwanzo wa 1962. Uchaguzi wa 1958 na 1959 nao ulikuwa wa kura tatu: kila mpiga kura sharti achague Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Kila kundi lilitengewa viti 10. Ukitazama harakaharaka utasema haki imetendeka: kumi, kumi, kumi! Lakini Wazungu walikuwa kiasi cha 20,000 tu, na Waafrika zaidi ya milioni 8.

Hapo hakuna aliyemtukana mtu. Karani wa kuandikisha wapiga kura angeweza kuwa mpole, mcha Mungu, mwenye salamu nzuri. Dhuluma ilikuwa ndani ya hesabu yenyewe. Huo ndio mfumo: kanuni inayofanya kazi yake hata kama anayeisimamia hana chuki moyoni.

Shtaka la Karama

Shaaban Robert alikuwa mtumishi wa serikali hiyo ya kikoloni kwa miaka mingi kuanzia 1926. Nchi ya Kusadikika inaelea angani, na mgogoro wake haujajengwa juu ya rangi. Wahakiki wengi husema ni fumbo la kukwepa mkono wa mkoloni, basi, tunaishia hapo. Hebu tulitazame shtaka. Karama hakuiba wala hakuua. Alianzisha mafunzo ya sheria. Yaani kosa lake ni kufundisha!

Na utetezi wake hausimami juu ya ubaya wa Majivuno, waziri anayemshtaki. Anasimulia habari za wajumbe 6 waliotumwa pande 6, wakarudi na mashauri mema, wakaambulia adhabu. Baadhi yetu hulalamika kwamba masimulizi hayo yanajirudia mno. Lakini kujirudia huko ndiko hoja yenyewe. Mjumbe mmoja akiadhibiwa tutasema ni bahati mbaya. Wa sita akiadhibiwa vilevile, tunalazimika kuacha kumtazama mtu na kuanza kuitazama nchi na taratibu zake.

Kijakazi na darasa letu

Riwaya ya Adam Shafi ni ngumu zaidi kufundisha, maana bwana na watumishi wana asili zinazojulikana, na Mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 1964 yamo. Niliwahi kukaa katika semina, chuo sikitaji, ambapo mjadala uligeuka kasheshe. "Hao ndivyo walivyo," akasema mmoja. Macho yote yakamgeukia mwenzetu ambaye jina la ukoo wake lilifanana na majina ya watu wa kasri. Hakufungua mdomo tena muhula mzima. Mwalimu akapita, akaenda kwenye kipengele cha mtindo. Jamani, tulikuwa tunafundishwa kuhusu ubaguzi au tulikuwa tunaufanya?

Semina ile ingeweza kuanzia kwa Kijakazi, mtumishi mzee anayemtumikia Fuad kwa moyo wake wote, bila kufungwa kamba. Hapa ndipo mfumo unapoonekana wazi: umeingia hadi ndani ya nafsi ya anayeonewa. Tuulize basi: ardhi ilikuwa ya nani? Nani alifanya kazi, na faida ilikwenda wapi? Kijakazi alifundishwa na nani kwamba hiyo ndiyo nafasi yake? Maswali haya hayamlazimishi mwanafunzi yeyote kujibu kwa niaba ya babu zake.

Pingamizi

Atatokea wa kusema kwamba maneno ya "mfumo" yanamwosha Fuad. Hapana. Ukatili wake ni wake. Ila bila shamba, bila watumishi na bila dola ya kumlinda, Fuad angebaki mtu mmoja mwenye hasira ambaye jirani angeweza kumpuuza. Mfumo haufuti kosa la mtu. Unaeleza kosa hilo lilipata wapi nguvu.

Hitimisho

Napendekeza mambo mawili. Kwanza, kila tunaposoma kazi inayogusa ubaguzi, iwekwe mezani pamoja na hati ya wakati wake: kanuni za kura tatu, kwa mfano, au sheria ya kipande ya Kenya ya 1915, iliyomhusu mwanamume Mwafrika kuanzia umri wa miaka 16. Pili, mwalimu asikubali mwanafunzi afanywe mshtakiwa au shahidi wa asili yake. Karama alipandishwa kizimbani kwa sababu ya somo lake. Somo linaloishia kwenye orodha ya wahusika wabaya na wema lisingemtisha Majivuno hata kidogo.