Visiwa na ngome za Uskoti: Mandhari ni ya bure, fedha zipo mlangoni

Wafanyabiashara wengi wakisikia neno utalii hufikiria ndege na hoteli kubwa za ufukweni. Lakini ipo biashara nyingine ya utalii, ya zamani zaidi, ambayo mtaji wake mkubwa ni basi na daftari la oda. Mtalii anaingia garini pamoja na wenzake thelathini au arobaini, anapewa mwongozaji, na anazungushwa siku tano hadi saba akitazama visiwa na ngome za kale kwa bei moja iliyojumlisha malazi, chakula, nauli za vivuko na viingilio. Uskoti, nchi iliyo upande wa kaskazini wa Uingereza, ni shule nzuri kwa anayetaka kuelewa fedha katika biashara hiyo zinaingilia wapi na zinatokea wapi.

Biashara yenyewe si changa. Mwaka 1846 Thomas Cook alikusanya abiria mjini Leicester, akawapeleka kwa treni, kisha kwa meli, hadi Uskoti. Kampuni iliyobeba jina lake ilikufa Septemba 2019 ikiwa imelemewa na madeni, na Serikali ya Uingereza ikalazimika kuwarudisha nyumbani wateja wapatao 150,000 waliokuwa nje ya nchi. Safari za Uskoti hazikufa pamoja nayo. Bidhaa inaweza kuwa na afya njema huku muuzaji wake akienda kaburini, na mwekezaji mdogo hana budi kuvitenganisha vitu hivyo viwili.

Safari ya kawaida huanzia Edinburgh, penye ngome iliyojengwa juu ya mwamba katikati ya mji. Basi huelekea magharibi hadi bandari ya Oban, likapanda kivuko kwenda kisiwa cha Mull, ilipo ngome ya Duart. Ncha ya pili ya Mull kuna kivuko kidogo cha kwenda Iona, kisiwa ambacho mtawa Columba alianzisha makazi yake mwaka 563. Huko magari ya wageni hayaruhusiwi, kila mtu hutembea kwa miguu. Baadaye kundi huvuka kwenda Skye kuona milima ya Cuillin na ngome ya Dunvegan, likarudi bara kwa daraja, likapita Eilean Donan na magofu ya Urquhart kando ya ziwa Ness. Msimu ni Aprili hadi Oktoba. Miezi inayobaki boti nyingi za kwenda visiwa vidogo hufungwa, lakini mkopo wa basi haufungwi.

KITI NDIYO BIDHAA

Muuza mchele asipouza gunia leo atauza kesho. Muuza safari hana kesho. Kiti kilichoondoka kitupu asubuhi ya Jumatatu kimeoza saa hiyo hiyo, kama samaki asiye na barafu.

Tuchukue hesabu ya mfano tu. Basi lina viti 40 na safari ni ya siku sita. Gari, dereva, mafuta, mwongozaji na nauli ya basi kwenye vivuko vinagharimu jumla ya pauni 9,000, wawe abiria wawili au arobaini. Vyumba, milo na viingilio vinagharimu pauni 450 kwa kila mtu. Bei ya safari ni pauni 750. Kila abiria basi anaacha pauni 300 za kulipia ile gharama isiyobadilika, na abiria wa thelathini ndiye anayerudisha gharama yote. Wakipatikana 40, mwenye safari anapata pauni 3,000 kabla ya kodi. Wakipatikana 24, anapoteza pauni 1,800. Faida yote ya mzunguko huo, kwa maneno mengine, imekalia viti kumi vya nyuma.

Hiyo ndiyo sababu wiki mbili kabla ya kuondoka bei huanza kuteremka. Muuzaji yuko radhi kuchukua pauni 550, kwani bado anabakiwa na 100 juu ya gharama ya kichwa hicho. Tatizo ni kwamba wateja nao wana akili. Wakizoea kuona bei zikishuka dakika za mwisho, mwaka unaofuata hakuna anayenunua mapema, na mwenye safari anakosa zile fedha za awali anazozitegemea kulipia hoteli. Wapo pia mawakala wanaomletea wateja, ambao kamisheni yao hutoka katika pauni 300 zile zile.

Hoteli nazo zina mchezo wake. Humtengea mwenye safari vyumba ishirini kwa msimu mzima, kwa sharti kwamba ifikapo tarehe fulani arudishe asivyovihitaji, la sivyo avilipie. Tarehe hiyo huangukia pale pale ambapo hajajua basi litajaa au la. Biashara nzima inakuwa kamari ya wiki tatu nne, na anayeijua vizuri si yule mwenye basi zuri bali yule mwenye kumbukumbu za miaka mitano iliyopita. Mali bila daftari, wanasema wazee, huisha bila habari.

Sheria ya barabarani nayo huamua mtalii ataona nini. Dereva wa basi la watalii akishaendesha saa nne na nusu lazima apumzike dakika 45, na kwa kawaida asizidishe saa tisa za kuendesha kwa siku. Ramani ya vituo huchorwa kwa saa hizo. Ngome iliyo umbali unaolingana na mapumziko ya dereva, yenye maegesho mapana, vyoo na duka la chai, huwa imeshapata wateja kabla mtu hajauliza historia yake. Nyingine, pengine nzuri zaidi, hutazamwa kupitia dirishani.

PAA LA NGOME

Anayeona foleni kwenye lango la ngome hudhani mwenyewe amelala juu ya dhahabu. Hesabu za matengenezo zinasema vingine.

Eilean Donan, ambayo huenda ndiyo ngome inayoonekana zaidi kwenye kalenda na makopo ya biskuti, ilibomolewa na manowari za Uingereza mwaka 1719 wakati wa uasi. Ilikaa gofu kwa karibu miaka 200. Mwaka 1911 John MacRae-Gilstrap aliinunua, na ujenzi ukakamilika mwaka 1932. Sehemu kubwa ya kile ambacho mtalii anakipiga picha kama jengo la karne ya 13 ni kazi ya mafundi wa karne ya 20, na mgeni hajaonekana kujali. Tangu 1983 ngome iko chini ya mfuko wa hisani.

Dunvegan ni somo gumu zaidi. Ni makao ya wakuu wa ukoo wa MacLeod kwa takriban miaka 800. Mwaka 2000 John MacLeod, mkuu wa 29 wa ukoo huo, alitangaza kuiuza milima ya Cuillin kwa pauni milioni 10. Shabaha yake ilikuwa kupata fedha za kukarabati paa la ngome lililokuwa likivuja. Fikiria hilo: mtu ana jengo linalopokea wageni kila msimu wa joto, lakini tiketi zao hazitoshi kuziba paa, hadi anaweka mlima sokoni. Zogo lilikuwa kubwa, wengine wakahoji hata hati ya umiliki wake, na mwishowe mlima haukuuzwa.

Kwa upande wa serikali, hesabu hufungwa kwa njia nyingine. Shirika la Historic Environment Scotland, lililoundwa mwaka 2015, linatunza maeneo ya kale zaidi ya 300, mengi yakiwa hayatozi kiingilio wala hayana hata mlinzi. Edinburgh peke yake ilipokea wageni zaidi ya milioni 2 mwaka 2019. Ngome chache zenye foleni ndizo zinazochangia kulisha magofu mengi yasiyo na mteja. Gebo la mwaka 2020, milango yote ilipofungwa kwa ajili ya korona, liliukata mchango huo kwa mkupuo mmoja.

DARAJA NA KIVUKO

Mwaka 1995, mwezi Oktoba, kisiwa cha Skye kiliunganishwa na bara kwa daraja lililojengwa kwa mtaji wa sekta binafsi, kampuni ikipewa haki ya kukusanya ushuru. Kwa mwekezaji lilikuwa pendekezo tamu: kivuko cha hapo kiliondolewa, wageni hawana njia nyingine ya barabara, na mlango ni mmoja. Ushuru wa gari dogo ulifikia pauni 5.70 kwa kila upande. Wenyeji waligoma kulipa, zaidi ya mia moja wakatiwa hatiani mahakamani, na mzozo ukawa wa kisiasa. Desemba 2004 serikali ya Uskoti ilinunua haki za kampuni kwa takriban pauni milioni 27 na kufuta ushuru siku hiyo hiyo. Waliowekeza hawakutoka mikono mitupu, lakini mkataba wao ulimalizika mapema kuliko ulivyoandikwa. Mlango mmoja unaolipisha kila mtu ni mali nzuri mpaka wapiga kura waamue kuwa ni mali yao.

Vivuko vya pwani ya magharibi navyo viko mikononi mwa serikali kupitia kampuni ya CalMac. Kuanzia mwaka 2008, kwa majaribio, nauli zilishushwa zifanane na gharama ya kuendesha gari umbali ule ule barabarani, na kufikia 2015 mpango ulikuwa umeenea katika njia zote. Magari yaliongezeka. Meli hazikuongezeka. Mbili mpya ziliagizwa mwaka 2015 kwa pauni milioni 97 zifike 2018, karakana iliyopewa kazi ikaishia kutaifishwa mwaka 2019, na ya kwanza, Glen Sannox, haikuanza kubeba abiria hadi Januari 2025. Gharama ya zote mbili ilikuwa imepita pauni milioni 400.

Kwa mwenye basi la watalii matokeo ni haya: chombo kikongwe kikiharibika, safari ya Mull inafutwa, na wageni 40 wanahitaji vitanda bara usiku huo huo. Vitanda hivyo havikuwamo katika zile pauni 450.

Na visiwa vyenyewe vinapata nini? Mgeni anayelala hununua chakula cha jioni, kinywaji na kifungua kinywa. Anayepita mchana hununua kadi ya posta na kutumia choo. Skye ina wakazi wapatao 10,000 tu, barabara zake nyingi ni za gari moja kupishana, na hapakuwa na lango la kutoza mtu anayetazama mlima. Jibu lililopatikana ni maegesho. Penye mabwawa ya Fairy Pools na chini ya mwamba wa Old Man of Storr, sasa gari hulipia kusimama, na vyoo vimejengwa. Kuangalia ni bure kama zamani. Kuegesha ndiko kunakolipiwa.

FEDHA ZA MTEJA

Jambo linalopaswa kumshughulisha zaidi anayetaka kuweka fedha katika kampuni ya aina hii ni zile fedha za awali. Mteja hulipa miezi kadhaa kabla ya safari, na akaunti ya kampuni hunona mwezi Februari kana kwamba imetajirika. Si faida hiyo. Ni deni la safari ambayo haijafanyika, na kampuni inayolipia hasara za mwaka jana kwa malipo ya mwaka huu inatembea na maiti.

Uingereza iliweka kanuni za safari za mkupuo mwaka 1992, kufuatia agizo la Jumuiya ya Ulaya la 1990, na kuziandika upya mwaka 2018. Muuzaji lazima alinde fedha za mteja kwa dhamana, kwa bima, au kwa kuziweka kando katika akaunti ya amana. Kanuni hizo zilipimwa Mei 2020, wakati kundi lililomiliki Shearings, jina kubwa katika safari za mabasi Uingereza, lilipoanguka kwa sababu ya korona. Oda zipatazo 64,000 zilifutwa na watu wapatao 2,500 wakapoteza kazi. Wateja wengi walikuwa na kinga. Wenye hoteli na wadai wengine wasio na dhamana hawakuwa nayo. Jina la Shearings baadaye lilinunuliwa na kampuni nyingine ya mabasi, kwani jina linalokumbukwa na wastaafu lilikuwa na thamani kuliko mabasi yenyewe.

Anayewauzia Wamarekani ana mtego wa ziada. Bei hutangazwa kwa dola mwaka mzima kabla, wakati hoteli hulipwa kwa pauni. Usiku wa kura ya kujitoa Umoja wa Ulaya, 23 Juni 2016, pauni iliporomoka kutoka karibu dola 1.50 hadi chini ya 1.35. Aliyekuwa na dola mkononi aliamka na faida asiyoitolea jasho. Pauni ingepanda kiasi hicho, viti kumi vya nyuma visingemwokoa.

Kodi ni jambo lingine la kuhesabiwa mapema. Sheria ya mwaka 2024 iliziruhusu halmashauri za Uskoti kutoza wageni wanaolala, na Januari 2025 Edinburgh ilipitisha asilimia 5 ya bei ya chumba, kwa usiku usiozidi mitano mfululizo, kwa malazi ya kuanzia 24 Julai 2026. Mwenye safari aliyechapisha bei zake bila kuiweka tozo hiyo hawezi kumrudia mteja aliyekwisha kulipa. Ataitoa katika zile pauni 300.